Swichi Chini ya Siti

Kwenye gereji za mtaa wa Gerezani, nyuma ya soko la Kariakoo, mtu haachi gari kwa fundi. Anakaa nalo. Unafika asubuhi na gazeti lako, unapewa kipande cha benchi au ringi ya gurudumu uikalie, na macho yako hayatoki kwenye boneti mpaka jioni. Tunasema tunampa fundi kampani. Ukweli ni kwamba tunalinda. Betri ya mwezi mmoja inaweza kuingia gereji na kutoka ikiwa ya miaka mitatu, na hakuna atakayejua ile nyingine ilikwenda wapi. Fundi naye anajua kwamba analindwa, na hakasiriki. Anakukaribisha chai, mnaongea mpira, na nyote wawili mnajifanya umefuata mazungumzo.

Mimi nilikuwa mlinzi hodari. Nimelinda gari langu mpaka nikamharibia mtu jina lake.

Gari lenyewe ni la Kiingereza, rangi ya maziwa, lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Nililinunua nilipostaafu ukarani wa bandarini, kutoka kwa mzee mmoja Mhindu wa Kisutu aliyekuwa anafunga duka lake la vitambaa ili akaishi na wanawe. Alikuwa akilifunika kwa mashuka. Siku ya kunikabidhi ufunguo alilizunguka mara mbili, akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi, akaingia ndani bila kuniaga. Marehemu mke wangu alisema nimeoa mke wa pili, tena asiyejua kupika.

Mwaka wa pili wa gari lile nusura niibiwe. Nililiegesha mtaa mmoja Kariakoo nikaenda kutafuta bomba la choo, na niliporudi nilikuta mlango wazi na nyaya zinaning'inia chini ya usukani. Mtu alikuwa ameanza kazi akashtushwa. Jioni ile ile niliamua kutengeneza swichi ya siri.

Wenye magari wengi wa mji huu wanaijua. Unakata waya unaopeleka moto kwenye injini, unaupitisha mahali pa kificho, unaweka swichi. Ukishuka unaizima. Mwizi atapiga stata mpaka kesho. Watu wenye busara hufungiwa na fundi. Mimi nilifika kidato cha nne, nilisoma fizikia, nilikumbuka saketi. Nikakata mwenyewe waya unaotoka kwenye swichi ya ufunguo kwenda kwenye koili, kile kikopo cha duara kinachokuza moto wa plagi, nikaurefusha kwa waya mweusi niliokuwa nao nyumbani, nikaulaza chini ya kapeti, na mwisho wake nikafunga swichi ndogo niliyoing'oa kwenye taa ya kitandani. Niliificha chini ya siti ya dereva. Ncha za waya nilizisokota kwa vidole na kuzizungushia tepu. Mafundi watakaosoma hapa wacheke tu, wana haki.

Aliyejua ni mke wangu peke yake. Nilimwambia nguvu ya swichi ile ni kutojulikana.

Zilipita masika mbili. Gari lile huvuja kidogo kwenye kioo cha mbele, na maji hutafuta njia mpaka sakafuni. Ndipo likaanza kuzimika. Halikuzimika kwa mlio wala kwa kukohoa, lilizimika kama taa iliyozimwa. Nilizimikiwa Barabara ya Uhuru, nikazimikiwa Mnazi Mmoja, kila mara nikishuka, nikifungua boneti, nikitazama, nikirudi, linawaka kana kwamba halikufanya kitu.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja Gerezani aliyesifiwa kwa umeme wa magari ya zamani. Alikuwa mtu wa Lindi, mwembamba, umri wa miaka arobaini hivi, akifanya kazi chini ya turubai la bluu lililofungwa ukutani. Vifaa vyake vyote vilikaa kwenye ndoo ya rangi. Alichokithamini zaidi ni taa ya kupimia aliyoitengeneza mwenyewe: balbu ndogo, nyaya mbili, na msumari ulionolewa. Alikuwa akifanya kazi huku akiliambia gari anachotaka kufanya, kwa sauti ya chini, kama daktari na mtoto. "Sasa nakushika hapa. Tulia."

Nilikaa naye siku tisa.

Alianza na betri na vichwa vyake, akavisugua mpaka vikang'aa. Akaenda kwenye plagi, moja baada ya nyingine. Akafungua distribyuta, akanionyesha vile vidole viwili vya chuma vinavyofunga na kufungua moto, akapitisha kipande cha msasa katikati. Akabadilisha kondensa. Kila akimaliza jambo, aliweka kifaa cha zamani kwenye kipande cha gazeti, akakikunja, akanikabidhi mkononi. Hakuniachia niulize. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, na majirani walimtania kwamba anafungia wateja vitumbua.

Kila aliposhika msumari wake kwenye koili, balbu iliwaka. Moto upo. Alilijaribu gari kwa kulizungusha mtaani peke yake, mimi nikibaki kwenye benchi kwa shingo upande, na halikuzima hata mara moja. Nikipanda mimi kwenda nyumbani, linazima kabla ya mataa.

Siku ya sita vijana wa gereji ya jirani walishakuwa na maoni yao. Mmoja alisema gari linataka kafara. Mwingine akasema, "Mshua, hili gari lilipendana na yule Mhindi. Wewe limekukataa." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Fundi hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mlangoni kwa dereva, anatazama siti. Mimi ni mtu mnene, siti ile hubonyea nikikaa. Akauliza, "Mzee, chini ya siti kuna nini?"

Nikamwambia hakuna kitu.

Akainua ncha ya kapeti. "Na huu waya mweusi? Unaingia huku."

Najua vizuri nilichofikiri wakati ule, kwa sababu nimekifikiria tena mara nyingi. Nilifikiri: vijana wote hawa wanasikiliza. Nikitaja swichi hapa, kabla ya jua kuzama Kariakoo yote inajua. Ningeweza kumvuta pembeni. Ningeweza kuinama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu na kumnong'oneza. Lakini kulikuwa na jambo la pili, dogo na la aibu zaidi: sikutaka aone jinsi nilivyosokota zile nyaya.

"Wa spika ya redio," nilisema. "Redio yenyewe haipo tena. Achana nao."

Alinitazama kidogo. Kisha akashusha kapeti, akaipigapiga ilale vizuri. "Kama umesema wewe, mzee, basi."

Akarudi kwenye boneti kuanza upya.

Siku ya tisa nilikuwa na msiba Ilala, nikalazimika kuondoka saa mbili nzima. Ukiacha kule kulizungusha mtaani, ndiyo mara pekee nilimwacha peke yake na gari. Niliporudi aliniambia ameilegeza koili kwenye mkanda wake, ameitoa, ameisafisha kitako, ameirudisha. Nilisikia, lakini sikusikiliza. Kesho yake gari likazima katikati ya Msimbazi, mabasi ya mwendokasi yakipita na watu madirishani wakinitazama nikisukuma.

Nikafungua boneti, na safari hii nilikuwa natafuta kitu. Watu wa hapa tunachora namba za magari yetu kwenye vioo na kwenye taa ili vikiibwa vijulikane. Mimi nilikuwa nimepita mpaka huo. Niliichora koili yangu tumboni kwa msumari, mistari miwili, alama niliyoijua mimi. Nikatazama tumbo la koili. Hakuna mistari.

Sikuizungusha. Sikuigusa hata kidogo. Nililipa vijana wakanisukumia gari mpaka Gerezani, na njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Ilikuwa mchana, saa ya kula. Mama anayeuza chai na chapati pale alikuwa anagawa vikombe, mafundi wapo, wateja wapo, wauza spea wa ng'ambo ya pili wapo. Fundi alisimama aliponiona, akaniambia shikamoo. Sikuitika. Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo kwamba ameniibia koili. Kwamba alingoja nimekwenda kuzika ndipo akabadilisha. Nilisema mengine kuhusu watu wanaokuja mjini na ndoo, ambayo siwezi kuyaandika, si kwa sababu nimeyasahau.

Alijifuta mikono. Alichukua muda kuifuta.

"Mzee," alisema, "nimekula na wewe siku tisa."

Hakuongeza. Nilitaka abishe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, na kule kunyamaza kwake nilikuchukua kuwa ushahidi. Nikaonyesha mahali alama ilipopaswa kuwa. Watu wakaja kuchungulia. Mzee wa mafundi, aliyekuwa anasikilizwa pale, akasema maneno ya kutuliza, lakini niliona macho yake yanapita kwenye ile ndoo. Nikaondoka nikijiona nimeshinda.

Gari lilikaa nyumbani mwezi mzima chini ya turubai. Mvua ilinyesha, sakafu ikaloa tena, na Jumapili moja nilitoa siti nje ili nikaushe kapeti. Swichi yangu ilikuwa pale, imeota ukungu wa kijani. Tepu ilikuwa imeachia. Ncha moja ya waya ilikuwa imeshikiliwa na uzi mmoja tu wa shaba, mwembamba kama unywele, na springi ya siti ilikuwa imekwaruza mahali hapo mpaka pakang'aa. Kila nilipokaa kwa uzito wangu, springi iliusukuma waya ukaachana. Nikisimama, ukarudi. Fundi hakukosea kipimo chake. Hakuna aliyekuwa amekaa kwenye siti alipokuwa anapima.

Nikaunganisha ncha mbili bila swichi. Nikarudisha siti, nikakaa, nikapiga stata. Likawaka. Nililiacha lingurume muda mrefu, nikijitingisha kwenye siti kama mtoto. Halikuzima.

Kisha nikafungua boneti, nikalegeza mkanda wa koili, nikaizungusha. Mistari yangu miwili ilikuwa upande wa chini.

Mke wangu alitoka jikoni aliposikia injini. Akaliona gari, akaiona swichi mkononi mwangu, akaelewa bila kuelezwa. Akauliza fundi ataambiwa lini. Nikasema kesho. Aliniuliza tena baada ya wiki, nikasema bado sijapata nafasi. Mara ya tatu hakuuliza, na nilishukuru. Leo natamani angeuliza kila siku.

Miaka mitano nilipita njia nyingine. Nikihitaji kitu Kariakoo nilizunguka ili nisipite Gerezani na gari zima. Nilijiambia kwamba jambo limepoa, kwamba kulifufua ni kumwaibisha yeye. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu nzuri. Mke wangu alifariki katikati ya miaka hiyo, akiwa hajaniona nikienda.

Ningependa kuandika kwamba mwaka huu nilimtafuta. Sikumtafuta, nilimkuta. Nilikwenda Buguruni kununua mkaa, nikamwona ameketi juu ya kreti pembeni ya ukuta, mbele yake bajaji imefunuliwa, anachomelea waya wa taa. Ndoo ilikuwa ile ile. Nywele zilikuwa zimeanza mvi. Nilisimama nikitumaini hatanitambua.

Aliinua kichwa. "Shikamoo, mzee."

Ile shikamoo iliniumiza kuliko tusi. Niliitikia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nikamwambia yote pale pale nikiwa nimesimama na gunia la mkaa miguuni: swichi, uongo wa spika, springi, mistari miwili. Nilimwambia nilijua baada ya mwezi mmoja na kwamba nimekaa nayo miaka mitano. Alikuwa anasikiliza huku akiendelea na waya wake, na alipomaliza kuuchomelea aliupuliza upoe.

"Nyaya ulisokota mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Nilijua," alisema. "Spika haina waya mnene vile. Lakini mtu mzima ameshasema."

Nikamuuliza kwa nini hakuinua kapeti nilipokuwa msibani. Akasema gari ni kama nyumba ya mtu. Ukiambiwa chumba kile usiingie, huingii, hata mwenyewe akitoka. Kisha akanieleza, bila kuinua sauti, jinsi alivyoondoka Gerezani. Hakufukuzwa. Ila wateja walianza kukaa karibu zaidi. Mmoja alileta kiti chake mpaka kwenye bampa. Mzee wa mafundi alimwambia turubai linahitajika na mtu mwingine. Alikaa miezi minne, akachukua ndoo. Magari ya zamani huku Buguruni hayaji, sasa anafanya bajaji.

Nilimwomba radhi. Nilisema nipo tayari kwa lolote atakalosema.

"Mzee, hukuniita mwizi Buguruni," alisema. "Uliniitia Gerezani. Kayaseme huko."

Jumanne iliyofuata nilikwenda na gari lenyewe, saa ya kula, kama siku ile. Turubai la bluu halikuwepo, mahali pake pana kibanda cha vioo vya simu. Mzee wa mafundi alikwishafariki. Niliegesha, nikafungua boneti, na kwa mazoea ya mahali pale watu wakasogea. Walikuwa vijana. Nikaanza kusema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, ingawa sauti yangu sasa inakatika. Nikasema palikuwa na fundi hapa, mtu wa Lindi, nilimwita mwizi wa koili, naye hakuiba, aliyekosa ni mimi. Nikawaonyesha mistari miwili. Wakaitazama kwa adabu. Mmoja akauliza, "Sasa mzee, gari tatizo lake nini?" Nikamwambia halina tatizo. Wakatazamana.

Hakuna aliyemjua. Nilikuwa nimeyaleta maneno kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Mama wa chai ndiye aliyebaki. Alikuwa amekaa nyuma ya jiko lake, amenenepa, ameshika kikombe kitupu. Nilidhani hakunisikia. Nilipomkaribia akasema, "Namkumbuka. Alikuwa anakunywa chai kwangu miaka sita. Kikombe anakirudisha kimeoshwa." Akakigeuza kile kikombe mkononi. "Siku ile uliposema, na mimi nikaanza kuhesabu vikombe vyangu akishaondoka. Aliniona nikihesabu."

Akaniuliza yupo wapi, nikamwelekeza Buguruni, ukuta gani, karibu na wauza mkaa. Akasema atakwenda Ijumaa. Sijui kama alikwenda. Sikuuliza, nilihisi hilo si langu.

Nilirudi kwa fundi siku ile ile nikamweleza nani alikuwepo na nani hakuwepo. Nilipomtaja mama wa chai na vikombe, aliacha kazi. Kisha akaja mpaka kwenye gari, akaweka mkono juu ya boneti. Akauliza kama ile swichi bado ipo. Nikasema niliitenga tu nikairudisha chini ya siti, na nyaya ni zile zile.

"Acha niondoe," alisema. "Utakuja kuchoma watu."

Nikatafuta kreti nikae. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Nenda kanywe chai. Sitaki unikalie."

Nikaondoka. Sikuwahi kufanya hivyo maishani bila msiba. Nilikwenda mpaka kwenye kibanda ambacho ukuta wake haukuniruhusu kuona gari, nikakaa nikiupa ukuta uso. Nilikunywa chai mbili ambazo sikuzihitaji. Niliporudi alikuwa amemaliza, ameketi tena kwenye bajaji yake. Alinikabidhi kitu kilichokunjwa kwenye kipande cha gazeti. Ndani ilikuwa swichi yangu ya taa ya kitandani, na waya wote mweusi, umekunjwa vizuri. Malipo alikataa. Alisema safari nyingine nikizimikiwa nimtafute fundi mwingine, yeye amekwishamaliza na gari hili. Hakusema kwa hasira. Aliniaga kwa heshima, kama mtu mzima anavyostahili kuagwa.

Gari halijazima tangu siku ile. Kile kifurushi nimekiweka kwenye droo ya mke wangu.

Lakini nilijiahidi kuandika kila kitu. Nikiwa njiani kurudi nyumbani, kabla sijafika Ilala, nilipaki pembeni. Injini ilikuwa inanguruma vizuri. Mkono wangu ulishuka chini ya dashibodi, kwenye mpini wa kufungulia boneti, ili nikatazame kama mistari yangu miwili bado ipo. Sikuuvuta. Niliurudisha mkono kwenye usukani nikaendelea na safari. Ila ulikwenda, na sikuwa nimeutuma.